Nilikutana na mwani Sugamo

Bibi mmoja ninayemhudumia kwenye kituo cha wazee hapa Tokyo, mwenye miaka tisini na kitu, alinishika mkono asubuhi nikimfunga vifungo vya sweta. Akaniuliza siku yangu ya mapumziko ni lini. Nikamjibu Jumatano. Akahesabu kwa vidole, taratibu, akasema: "Itakuwa tarehe 24. Nenda Sugamo ukale shio daifuku, halafu uje unihadithie."

Mwenyewe haruhusiwi tena kula. Shio ni chumvi, na daifuku ni donge laini la mchele wa kunata uliopondwa, ndani mna maharage madogo mekundu yaliyosagwa na sukari. Mchele ule ukishapondwa, ambao wenyewe wanauita mochi, huvutika kama ulimbo, na koo la mzee halina nguvu ya kuusukuma. Kila mwaka mpya ukikaribia, zimamoto wa Tokyo huwaonya wazee na familia zao, maana kila mwaka wapo wanaokabwa. Kituoni kwetu mochi haiingii kabisa. Basi nikatumwa nikale mimi.

Sugamo iko kwenye reli ya Yamanote, ile inayozunguka katikati ya Tokyo. Ukitoka stesheni hutembei sana kabla ya kulikuta lango la mtaa wenyewe, Jizo-dori. Urefu wake ni kama mita 800, na maduka yanakaribia 200. Wajapani mitaa ya namna hii wanaiita shotengai: njia nyembamba, maduka madogo yamebanana kulia na kushoto, kila moja na mwenyewe. Anayekujua Darajani au Mkunazini, kwetu Unguja mjini, hahitaji maelezo marefu. Njia hii ni kongwe kuliko maduka yote yaliyopo. Ni kipande cha Nakasendo, barabara ya milimani iliyokuwa ikitoka Edo, yaani Tokyo ya zamani, kwenda Kyoto, yenye vituo 69 vya wasafiri. Siku za gulio ni tarehe zenye nne: 4, 14 na 24. Siku hizo vibanda hujaa pembeni mwa njia, vya mboga za kuchachusha, visu, viatu, nguo za mitumba, miche ya maua.

Jina la utani la mtaa ni Harajuku ya mabibi. Harajuku yenyewe iko kwenye reli hiyohiyo ya Yamanote, ndiko wanakokwenda vijana kununua nguo. Huku Sugamo wanakuja mama zao na bibi zao.

Mimi nilianza kuona mwendo. Miaka minne Tokyo nimeshazoea kutembea kwa kasi, maana ukipunguza hatua kwenye ngazi za stesheni unawazuia watu mia nyuma yako. Hapa hakuna aliyenipita. Mbele yangu alikuwa mama mmoja na kigari chake cha kusukuma, vile ambavyo wazee wa Japani huegemea wakitembea, na wakichoka hukaa juu yake kama kiti. Alisimama katikati ya njia kabisa, akakaa, akafungua chupa ya chai. Watu wakampitia kushoto na kulia bila kugeuza uso. Bei zimeandikwa kwa tarakimu kubwa, unazisoma ukiwa ng'ambo ya njia. Muuza soksi alikuwa anamsubiri mteja wake atafute sarafu ndani ya pochi, moja moja, na wala hakutupa jicho kwa waliokuwa nyuma. Kazini kwetu kumsubiri mzee tunafundishwa, kuna mpaka karatasi ya mafunzo. Hapa ni mtaa mzima unamsubiri.

Lipo duka maarufu, Maruji, linalouza chupi nyekundu. Nyekundu tupu, zimepangwa rafu kwa rafu, za kike na za kiume. Wanaamini rangi nyekundu ikigusa chini ya kitovu huupa mwili joto na nguvu. Mabibi walikuwa wanazikunjua na kupimana kiunoni mbele ya kila mtu, wanacheka kwa sauti ambayo kwenye treni ya Tokyo huwezi kuisikia. Nikamnunulia bibi yangu soksi nyekundu za sufu.

"Oneesan!" Nilikuwa nimeshapita hatua mbili ndipo nikajua ninaitwa mimi. Oneesan maana yake dada, dada mkubwa. Ndivyo wauzaji wa mitaa hii wanavyowaita wanawake wapita njia, kama sokoni kwetu unavyoitwa "dada, karibu, dada, tazama". Kwenye maduka makubwa mimi ni okyakusama, mheshimiwa mteja, neno la adabu nyingi lisilo na undugu. Na mara nyingi hata hilo silisikii, kwa sababu nalipa kwenye mashine. Nimewahi kumaliza wiki nzima ya likizo bila kuzungumza na mtu uso kwa uso. Nikageuka. Aliyeniita alikuwa muuza senbei, vile vikaki vya mchele vya kuchoma, akanipa kipande nionje kabla hajanitajia bei.

Daifuku nilikula kwa utulivu maana nilijua nitaulizwa. Duka la Mizuno linajulikana kuwa ndilo lililoanzisha hizi za chumvi, basi nikapanga foleni pale. Unakipokea kidonge kizito kuliko ukubwa wake, kimepakwa unga mweupe usishike vidoleni. Ukikiuma, chumvi ndiyo inayotangulia, kwenye ngozi ya mchele. Utamu wa maharage unakuja nyuma yake, na kwa sababu chumvi imetangulia, utamu ule hauchoshi. Nilikumbuka mbaazi za nazi za asubuhi, zile ambazo mama hutia chumvi kidogo zaidi kisha tunazila na mandazi matamu. Hilo nikaliandika kwenye simu nisije nikalisahau.

Kwenye mtaa huu lipo hekalu la Kibuddha la Kogan-ji, lililohamia hapa mwaka 1891. Watu wanamjia Jizo mng'oa miiba, mlinzi wa watu katika dini ya Kibuddha. Hadithi yake ni ya mtumishi mmoja wa kike aliyemeza sindano, akamezeshwa kikaratasi chenye picha ya Jizo, akatapika, na sindano ikatoka imechoma karatasi ileile. Sanamu ya Jizo mwenyewe haionyeshwi kwa watu. Nje, uani, ndiko kuna sanamu ndogo ya jiwe ya Kannon, mwenye huruma wa Kibuddha, imesimama, na mbele yake foleni ndefu. Ukiumwa bega unaliosha bega lake, ukiumwa mgongo unauosha mgongo wake. Zamani walikuwa wanasugua kwa brashi hadi sanamu ya kwanza ikalika sura, ndipo mwaka 1992 wakaweka hii iliyopo, na sasa hutumia kitambaa.

Sikuingia kwenye foleni. Mimi ni Muislamu, ibada hiyo si yangu, na sikutaka kuichezea ibada ya mtu. Nilisimama pembeni nikatazama. Bibi mmoja mfupi, plasta mbili za dawa zimebandikwa shingoni, alimwaga maji juu ya jiwe, akainama kwa tabu, akaanza kuyafuta magoti. La kulia, la kushoto, tena la kulia. Akafuta na nyuma ya goti, pale panapokunjika. Aliifanya kazi ile kama ninavyomwogesha bibi yangu kituoni, bila haraka, mkono mmoja umeshikilia jiwe lisianguke. Nikamwombea kwa lugha yangu. Nikamwombea na mama, ambaye magoti yake yameharibika baharini.

Mimi ni mtoto wa Jambiani. Mwani ulianza kulimwa pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na mama yangu aliingia baharini mapema pamoja na wanawake wa umri wake. Siku za bamvua maji yakitoka mbali, wanawake wanakwenda kupigilia mambo, yaani vigingi, mchangani, wanafunga kamba, na kila shubiri wanafunga kichane cha mwani. Yote hayo kwa kuinama, maji yako magotini. Wakivuna wanaubeba ukiwa mbichi, gunia linachuruzika mgongoni. Wanauanika, wanaukung'uta mchanga, wanamngoja mnunuzi. Nilipokuwa skuli kilo ilikuwa shilingi 400. Mnunuzi akiona chumvi nyingi au mchanga anaukataa. Ukishapimwa hapo basi, unakwenda ng'ambo kutolewa karajinani ya kugandishia aiskrimu na dawa ya meno, na mama hajui hata bandari unakoshukia. Baadaye maji yalipozidi joto, kottonii, aina ya mwani wenye bei nzuri, ukawa unakufa kambani. Wengi wakabaki na spinosamu, aina ya bei ndogo.

Basi fikiria nilivyosimama mbele ya duka la vyakula vikavu, hatua chache baada ya hekalu, nikakuta mwani.

Lilikuwa duka dogo la mbao. Vidagaa vikavu, uyoga mkavu, maharage ya rangi saba, na samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa mpaka akawa kama gogo la kuparuza. Na ukuta mzima wa nyuma ni kombu. Kombu ni mwani wa maji baridi, unatoka karibu wote Hokkaido, kisiwa cha kaskazini. Majani yake mapana kama mshipi wa mwanamume, meusi yenye ukahawia, yamekauka kakaka, na juu yake kuna vumbi jeupe. Kila fungu lina kibao. Huu wa Rishiri. Huu wa Rausu. Huu wa Hidaka. Ni majina ya mahali ulikovunwa.

Mwenye duka, mzee mwembamba aliyevaa aproni, alinieleza kama anayewatambulisha watoto wake. Wa Rishiri hutoa mchuzi mweupe safi, ndio wanaoupenda wapishi wa Kyoto. Wa Rausu mzito, mchuzi wake una rangi. Wa Hidaka unalainika upesi, huo upike ule wenyewe. Akanionya nisiuoshe. Vumbi lile jeupe limetoka ndani ya mwani wenyewe na ni sehemu ya ladha, upanguse tu kidogo kwa kitambaa. Mwaka 1908, hapa hapa Tokyo, profesa Kikunae Ikeda aliuchunguza mchuzi wa kombu akapata ndani yake glutamati, akaipa ladha hiyo jina la umami. Mzee yule hakunitajia profesa. Alinikatia kipande cha ukubwa wa kucha niweke ulimini, akangoja uso wangu ubadilike.

Najua kombu si mwani wa kwetu. Mmea mbali, matumizi mbali. Lakini nimekua nikiuona mwani unaondoka kijijini bila jina, na hapa nauona umefika dukani na jina la kwao, na mbele yake yupo mtu anayejua tofauti ya bahari moja na nyingine. Gramu 100 za Rishiri zilikuwa yeni 1,300, zaidi ya shilingi 20,000 za kwetu. Nikanunua. Siku hizi Paje, jirani na Jambiani, wapo wanawake wanaotengeneza sabuni za mwani na kuziuza wao wenyewe, na tangu siku ile nawafikiria kwa heshima zaidi.

Nilimuuliza mzee nani atalishika duka baada yake. Akasema watoto wako maofisini. Akafuta mizani, ingawa ilikuwa safi.

Sugamo ina bahati ya hekalu na gulio. Shotengai nyingi za miji midogo zimekufa, milango ya chuma imeshushwa mchana kutwa, na Wajapani wana neno lake, shatta-gai, mtaa wa milango iliyofungwa. Ilikuwapo sheria ya mwaka 1973 iliyoyabana maduka makubwa yasifunguliwe ovyo na kuwaua wadogo. Ililegezwa, na mwaka 2000 ikaondolewa. Watu wakawa na magari, wakahamia kununua kando ya barabara kuu. Lakini hata pasipo hayo, mzee akikosa wa kumrithi, duka linafungwa siku anayolazwa. Nilipoendelea kuelekea Koshinzuka, kwenye mwisho wa mtaa ambako tramu ya zamani bado inapita, vibanda vilipungua, nikaona nami milango iliyoshushwa, mmoja wenye tangazo la shukrani kwa wateja, limepauka kwa jua.

Alhamisi bibi yangu alikuwa ameshaketi kitandani ananingoja. Nikamvisha soksi, nikamhadithia kuanzia langoni. Nilipofika kwenye daifuku nikamsomea nilichoandika, chumvi inatangulia, utamu unafuata. Alifumba macho, mdomo wake ukawa unatafuna kidogokidogo. Akaniuliza kama duka la sandali za mbao kona ya hekalu lipo. Sikuliona. Akatikisa kichwa, akaniambia niendelee.

Usiku nikampigia mama kwa video. Nikasogeza kombu karibu na kamera. Alivaa miwani yake, akautazama kwa jicho la mpimaji.

"Umekauka vizuri," akasema. "Lakini hao hawakuukung'uta. Tazama chumvi ilivyokaa."

Nikamweleza kwamba si chumvi, ndiyo ladha yake, na mwenye duka kanikataza kuuosha. Akauliza bei. Nikamtajia. Akanyamaza, nikasikia tu feni ya chumbani kwake na watoto wa jirani wakisoma.

"Na unaliwa?"

"Unaliwa, mama. Nimeuonja."

"Ukija niletee kipande," akasema. "Na mimi nikauonje."