Uliona sura, au mgongo?

Juzi nilikuwa mahakamani, sio kwamba nina kesi, niliitwa shahidi. Moyoni yule jamaa aliyeshtakiwa nilishamfunga kitambo. Wakili wake akaanza maswali ya dodoso, taa ilikuwa upande gani, ulisimama umbali gani, ulimtazama muda gani, ulikuwa unamfahamu kabla ya hapo, na mimi najibu huku nasikia mwenyewe majibu yangu yanavyopungua uzito. Mwisho akaniuliza taratibu, "Sura yake uliiona, au uliona mgongo?" Nikanyamaza. Hakimu akainamisha kichwa akaandika. Ukweli niliona shati na mwendo, sura niliijazia baadaye niliposikia aliyekamatwa ni nani. Na sikuwa nadanganya jamani, nilikula kiapo nikiwa naamini kabisa, hapo ndo panaponiuma.

Tangu siku hiyo namfikiria sana Ronald Cotton wa kule Marekani. Mwanamke aliyebakwa mwaka 1984 alikazana kuikariri sura ya mbakaji ili asije akaisahau, akamchagua Cotton kwenye picha, akamchagua tena kwenye gwaride la utambuzi. Mwaka 1987 kesi iliposikilizwa upya mbakaji mwenyewe, mtu mwingine kabisa, aliletwa mahakamani, na yule mwanamke akasema huyu sijawahi kumwona. Cotton alitoka jela 1995 baada ya kipimo cha DNA, zaidi ya miaka 10 imeshapotea.

Watu wanasema usihukumu. Mi sikubali, huwezi kuishi bila kuhukumu, lazima uamue mtoto unamwachia nani na pesa unamkopesha nani. Ila mahakamani angalau mshtakiwa anasikilizwa, shaka ikibaki inakuwa faida yake, hakimu anaandika sababu zake na mwingine anaweza kuzipinga kwenye rufaa, sasa mimi shangazi yangu nimemnunia mwaka wa pili huu, simu zake sipokei, kisa niliambiwa alinisema vibaya kwenye kikao cha familia. Mimi sikuwepo. Na aliyeniambia, nimekuja kukumbuka nikiwa narudi kutoka mahakamani, naye hakuwepo, aliambiwa. Ushahidi kama huo hata kizimbani usingefika, nami nimeutumia kumkosesha mtu mzima salamu miaka miwili.

Jana usiku nimemwandikia, "Shikamoo shangazi. Siku ile kwenye kikao ulisema nini kuhusu mimi? Nataka nisikie kwako mwenyewe." Ameisoma, bado hajajibu.