Nilivyopata mkutano wa AA Nairobi, mimi Muislamu wa Mombasa

Naandika hii manake wakati mimi natafuta mikutano hii ya AA (Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha pombe) nilikuta maelezo mengi sana ya kwa nini pombe ni mbaya, hilo nlikuwa nalijua tayari, nilichotaka ni mtu aniambie niende wapi, siku gani, na nikifika nafanya nini.

Mi mtu wa Mombasa, kazi iko Nairobi, na ni Muislamu. Hilo la mwisho lazima nilitaje kwa sababu ndilo lililonichelewesha kuliko yote. Kwetu mlevi hachukuliwi kuwa mgonjwa, ni aibu ya nyumba nzima, kwa hivyo wanywa kwa kujificha na ukitaka kuacha pia waacha kwa kujificha. Miaka ya mwanzo nlikuwa naweza kukaa Ramadhani yote bila kugusa, nikajiambia basi mi si mlevi, Idi ikipita narudi palepale. Baadaye hata Ramadhani ikanishinda, asubuhi nisipopata kitu mikono yatetemeka, jasho, usingizi hakuna.

Kabla ya mkutano wowote nilienda hospitali, na hii naomba mtu asiiruke. Daktari alinieleza kwamba mtu aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla anaweza kushikwa na degedege, au kuanza kuona vitu ambavyo havipo, na kuna wanaokufa. Nikapewa dawa nikaangaliwa mpaka mwili ukatulia. Ni yeye alonitajia AA.

Bas nikagoogle. Orodha zikatoka, zingine za zamani. Mkutano wa kwanza nloufuata ulikuwa kwenye kiwanja cha kanisa, nafika jioni nakuta ukumbi umefungwa, askari akaniambia "hao walibadilisha siku kijana wangu, ungepiga simu kwanza". Saa hizo zilikuwa mbaya kwangu, baa iko ng'ambo ya barabara na nishajipa moyo wote wa kuja halafu mlango umefungwa. Nikapiga 1192, ni laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, haikati pesa. Dada alieshika hakunihubiria, aliniuliza kama nimekunywa leo, kama niko salama, nani ako nyumbani, tukaongea mpaka ile hamu ikapungua nikaondoka.

Kesho yake nikapiga namba ya AA yenyewe. Akashika mwanamume, akanipa jina lake la kwanza tu. Nikamuuliza wazi, mi Muislamu, mkutano wenu uko kanisani, naruhusiwa kweli? Akanijibu "kakangu, kanisa latupa chumba tu, sisi si kanisa. Wataka kuacha pombe? Basi njoo." Na kweli hilo ndilo sharti pekee, kutaka kuacha. Akaniambia nifike mapema kidogo atanisubiri getini, na alinisubiri.

Ndani ni viti vimepangwa duara, chai ya maziwa, watu wa kila aina, mwenye suti na mwenye ndala. Mtu ajitaja jina moja, asema yeye ni mlevi, kisha aeleza yake, Kiswahili, Kingereza, Sheng, vyovyote. Hakuna wa kumkatiza wala kumpa ushauri na hicho ndicho kilichonishika, sikuwahi kukaa mahali mtu ataja kuficha chupa kwenye tangi la choo na watu hawashtuki. Zamu yangu ilipofika nikasema jina langu na kwamba leo nasikiliza tu, wakanikaribisha wakaendelea. Kikapu cha mchango kilipita, nikaambiwa mgeni asitoe. Hakuna ada, hakuna fomu.

Hatua zao 12 za kuacha pombe zamtaja Mungu, lakini imeandikwa kwa jinsi kila mtu anavyomfahamu. Wao wakisema ile sala yao ya utulivu mi nasoma dua yangu kimoyomoyo na hakuna aliewahi kuniuliza. Kitu hiki kilianza 1935 huko Akron, Ohio, walevi wawili, mmoja wa mambo ya hisa na mwingine daktari wa upasuaji, waligundua kwamba mlevi akiongea na mlevi mwenzake wote wawili wanapata nguvu ya kukaa bila kunywa. Mimi naamini hivyo kabisa, mke wangu alinisihi miaka na nilimpenda na bado haikuingia, ikaja kuingia kwa mtu nisiemjua.

Ukipiga simu uliza kama mkutano ni wa wazi au wa kufungwa. Wa wazi hata ndugu yako anaweza kukusindikiza, wa kufungwa ni wenye shida ya pombe peke yao. Na usiamue kwa kikundi kimoja, mi cha kwanza hakikunikaa sana nikazunguka nikapata changu, na humo ndimo nilipompata sponsa, mtu wa kumpigia hata usiku.

Mke wangu nae alipata Al-Anon, hiyo ni ya familia, ana siku yake na mimi siingilii.

Nikishuka Mombasa kwa mama, hasa wakati wa harusi, natumia mikutano ya Zoom, ipo ya nchi mbalimbali kila saa. Najifungia kwenye gari na earphone, naingia bila video, nikimaliza narudi kukaa na watu.