Gereji iliua injini ya kirikuu yangu: nilivyodai hadi nikalipwa

Nina kirikuu, Suzuki Carry nyeupe, na ndiyo inayonilisha. Msimu wa alizeti naitumia kuchukua magunia Kibaigwa na kuyaleta Dodoma mjini kwenye mashine ya kukamua, siku nyingine nabeba mashudu ya wafugaji. Kwa hiyo servisi siichezei. Jumamosi moja ya Julai niliipeleka gereji ya karibu na nyumbani, wamwage oili na kubadili filta. Fundi mwenyewe alikuwa na Noah kwenye jeki, akamwita kijana wake, saidia fundi, amalizie yangu.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi pale pale. Kijana alipofika kwenye kufunga nati ya chini ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, alichomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, akasukuma kwa mguu. Nikamwambia, "Mwanangu, mbona unaikaza hivyo?" Akajibu, "Mama, hii lazima ikaze, barabara zetu unazijua." Baadaye nikamwona ameifungua tena, ameenda nayo ndani, amerudi, amefunga. Sikuuliza. Nililipa 65,000 kwa simu nikaondoka.

Jumanne nikaanza safari ya Kibaigwa. Nimepita Ihumwa, nimepita Buigiri, karibu na Chalinze (hii ya kwetu Chamwino, si ile ya Pwani) taa nyekundu ya oili ikawaka. Watu wengi wanaidhani taa ile ni ya kukumbusha kuongeza oili. Sivyo. Inawaka presha ya oili ikishakwisha, maana yake pale vyuma vinasagana vikavu. Nilitafuta pa kuegesha, na katika mita hizo chache injini ikaanza kugonga, ko-ko-ko, halafu ikazima yenyewe. Nilipojaribu kuwasha, stata haikuizungusha hata kidogo. Ilikuwa imenoki, yaani vyuma vya ndani vimeshikana.

Nilishuka nikaangalia nilikotoka. Kwenye lami kulikuwa na mstari mweusi unaong'aa, unarudi nyuma mpaka macho yanapoishia. Nikainama chini ya gari: sampo imelowa, na pale penye nati pana tundu tupu. Kilomita zilikuwa hazijafika 140 tangu gari litoke gereji.

Kijana mmoja wa bodaboda alisimama kunisaidia, akaniambia, "Dada, usiiguse. Piga picha kwanza." Namshukuru mpaka leo. Nilipiga picha tundu, nikapiga sampo nzima kuonyesha haina hata mkwaruzo, nikapiga mstari wa oili barabarani, nikapiga dashibodi inayoonyesha kilomita. Kijana akakubali nimrekodi akieleza alivyonikuta.

Ndipo nikampigia fundi. Alikuwa mpole sana. "Pole mama, hayo ni ya kawaida. Natuma mtu akuvute mpaka hapa gereji, tutaiangalia. Usimwite fundi mwingine asije akaharibu zaidi." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonishtua. Gari likishaingia uani kwake, nani atajua limefunguliwa nini na limefungwa nini? Nilimwambia nitamjulisha. Nikapata Kanta iliyokuwa inarudi mjini, ikanivuta kwa kamba kwa 80,000 hadi nyumbani kwangu. Nikafunga geti.

Kama kuna jambo moja lililoniokoa katika kisa hiki chote, ni hilo la kutolirudisha gari gereji. Nimeshaona watu wakipeleka gari kule kule lilikoharibiwa, na baada ya wiki wanaambiwa krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, ilikuwa mbovu tangu zamani, na hawana cha kujibu kwa sababu kila kitu kimeshafunguliwa.

Mtaani kwetu kuna mzee Mgogo aliyefundisha ufundi wa magari kwa miaka mingi kabla hajastaafu. Alhamisi asubuhi nilimfuata, nikamwamkia mbukwenyi, akacheka akaniitikia, nikamweleza. Akaja na tochi na kioo kidogo cha mkononi. Hakuanza na injini, alianza na lile tundu. Alilala chini kwenye turubai, akakaa kimya muda mrefu, akaniita. "Mama, njoo uone mwenyewe."

Tredi za ndani ya tundu, ile mistari inayoshika nati, zilikuwa zimeliwa, zimebaki vipande vilivyojikunja kama nyuzi za sufi ya chuma. Na katikati ya vipande hivyo kulikuwa na kitu cheupe. Mzee akakivuta taratibu kwa koleo yenye ncha: ilikuwa tepu, ile nyeupe ambayo mafundi bomba wanazungushia kwenye koki ili maji yasivuje.

Nikaelewa kijana alikwenda kufanya nini kule ndani. Aliikaza nati mpaka ikala tredi, akaona haishiki, akaizungushia tepu ili ijae, akairudisha. Ikashika kwa mtikisiko wa siku tatu. Dawa yake haikuwa kubwa: kutengeneza tredi upya na kuweka nati pana zaidi kidogo, au kubadili sampo. Angeniambia siku ile, ningesubiri hata mpaka Jumatatu.

Mzee alipofungua sampo alikuta beringi za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, zimeyeyuka na kung'ang'ania kwenye krenki. Akaandika ukurasa mmoja kwa mkono: alichokikuta, sababu yake, tarehe, jina na sahihi. Nilimlipa 50,000. Tepu nikaitia kwenye mfuko mdogo wa plastiki, na mzee akasaini kikaratasi kilichomo ndani.

Ijumaa nikaenda gereji, nikiwa na shemeji yangu ili awepo shahidi. Fundi akasema nimepita juu ya jiwe. Nikamwonyesha picha ya sampo isiyo na mkwaruzo. Akasema gari ni la zamani. Nikamwuliza, "Fundi, uzee wa gari unafunga tepu?" Akamgeukia kijana wake, akaanza kumfokea mbele yetu, akasema huyu ndiye atakayelipa, na kuanzia leo hana kazi. Kijana hakuinua uso. Hapo niliumia kwa namna nyingine. Nikamwambia, "Mimi gari sikumkabidhi huyu mtoto. Nilikukabidhi wewe, na hela nimelipa kwenye namba yako." Tukaondoka bila kugombana.

Binti wa dada yangu anasoma sheria UDOM. Ndiye aliyeniondoa hofu, maana sikuwa na risiti wala mkataba wa maandishi. Akaniambia mkataba wa mdomo nao ni mkataba, na ushahidi wangu upo: ujumbe wa muamala wenye jina la fundi, tarehe na kiasi, pamoja na ujumbe aliouandika, "Mama servisi tayari njoo uchukue." Akanisomea Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, kinachompa aliyevunjiwa mkataba haki ya fidia kwa hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa huko. Akanionya pia kwamba hasara za mbali mahakama haizitoi, kwa hiyo nisijaze kila kitu.

Jumatano iliyofuata nikapeleka barua ya madai, nakala mbili, moja akanisainia kuwa amepokea. Injini ya mtumba 1,400,000, bei niliyoandikiwa na duka la spea. Kuifunga 200,000. Kuvutwa 80,000. Mzee 50,000. Siku nane bila kazi, 40,000 kwa siku, 320,000. Jumla 2,050,000. Nikampa siku 14, nikaandika kwamba zikipita nakwenda Mahakama ya Mwanzo. Kule shauri linaendeshwa kwa Kiswahili, na mtu wa kawaida anaweza kusimama mwenyewe akaeleza madai yake.

Siku ya kumi na moja akanipigia, anataka tuonane kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilikubali. Wengine waliniambia niende mahakamani moja kwa moja, lakini mimi nilikuwa na magunia yanayonisubiri Kibaigwa.

Tulikaa ofisi ya mtaa kwa muda wa karibu saa tatu. Yeye alikuja na wazee wawili, mimi na shemeji pamoja na yule mzee fundi. Mwenyekiti alituacha tuseme. Kelele zilikuwepo, na wazee wake walijua kubembeleza: "Mama, huyu ni jirani yako, msamehe nusu." Nilipoweka kile kimfuko mezani, mmoja wao alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama fundi, akasema kwa sauti ya chini, "Hii si ajali." Baada ya hapo hakuna aliyelitaja jiwe tena.

Siku zangu za kazi na ile 50,000 ya mzee nikaziachia, na ufundi wa kufunga injini nikaubeba mwenyewe, kwa sharti kwamba nachagua mimi nani anafunga. Yeye akakubali injini na gharama ya kuvutwa, 1,480,000, kwa awamu tatu: 680,000 siku ile ile, kisha 400,000 mara mbili, kila tarehe 30. Mtendaji akaandika, tukasaini wote na mashahidi, muhuri wa mtaa ukagongwa. Niliomba iandikwe pia kwamba deni ni la mwenye gereji, si la kijana. Fundi alisita, akasaini.

Nikaongeza akiba yangu kwenye ile 680,000, injini ikanunuliwa na kufungwa, mzee akisimamia. Awamu ya pili ilikuja kwa tarehe. Ya tatu ilichelewa siku 12. Simu hapokei, ujumbe hajibu. Sikwenda kupiga kelele gerejini. Nilipeleka nakala ya makubaliano kwa mwenyekiti, akampigia mbele yangu kwa simu yake, na jioni hela ikaingia.

Kesho yake fundi alikuja nyumbani mwenyewe tumalizane. Nikaandika kwenye nakala yake, "Nimepokea yote, sidai tena," nikasaini. Akakunja karatasi, akasimama kidogo mlangoni, akaniomba na ule mfuko wa tepu, maana deni limekwisha. Nikamwambia tepu inabaki kwangu.