Tumelala chini Hakone, Japani, halafu tukaenda kuona sumo, mieleka ya Kijapani

Yaani mlangoni tu viatu vinavuliwa, mwanangu mdogo akauliza kama tumeingia msikitini. Hiyo ni ryokan, nyumba ya wageni ya kizamani ya Kijapani, chumba hakina kitanda, ni mikeka ya tatami tu, mkienda kula mnarudi mnakuta magodoro yameshatandikwa chini. Mume wangu alivaa yukata, joho jepesi la kukunjia mbele, akaweka upande wa kulia juu, mama mhudumu akamkimbilia kumrekebisha, kumbe kushoto ndo kunakaa juu, kulia juu wanavalishwa maiti! Tulicheka mpaka machozi.

Onsen sasa, yaani bafu la pamoja la chemchemi ya moto, unakaa kwenye kigoda unajisugua na sabuni kwanza ndo unaingia kwenye maji ya moto, na huvai kitu, wanawake kwao wanaume kwao. Aibu iliisha baada ya dakika 5 hivi. Msosi wa jioni ni visahani vingi vidogo vizuri mpaka unaona huruma kuvila, ila watoto waling'ang'ania wali tu.

Tokyo tukaenda Ryogoku Kokugikan, ukumbi wa sumo, mashindano ya Mei, yanaenda siku 15. Ulingo ni wa udongo, duara lina upana wa mita 4.55 tu, na majitu yale yanarusha chumvi, yanachuchumaa, yanakodoleana macho, yanarudi kuchukua chumvi tena, ukianza kuchoka ndo yanavaana na sekunde chache kwisha. Mwanangu aliinama kuokota biskuti, akakosa pambano zima. Alinuna hadi hotelini.