Nilivyopata punguzo la kodi kwa maji moto ya jua hapa Massachusetts

Nilipoanza kuulizia paneli za kupasha maji kwa jua hapa Lowell, kila mtu alinijibu vilevile: weka tu, serikali itakurudishia thelathini kwa mia. Kanisani, kazini, kwenye grupu za WhatsApp za Wakenya wa Massachusetts, maneno yalikuwa hayo. Ushauri huo umewaumiza watu. Namjua mama mmoja aliyechukua mkopo akitegemea hundi ya maelfu ya dola kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, na pesa zilipokuja zilikuwa kidogo sana kuliko alivyoahidiwa. Kwa muda mrefu aliamini mhasibu wake alimlia pesa. Mhasibu hakumlia kitu. Aliyempoteza ni yule aliyemwambia habari nusu, na ndiyo sababu naandika haya.

Nyumba yetu hupashwa joto kwa mafuta, kama nyumba nyingi za zamani za New England. Boila ileile ndiyo iliyokuwa ikipasha maji ya kuoga, kwa hiyo hata mwezi wa Julai, watu wakitembea na chupa za maji mkononi kwa joto, yenyewe ilikuwa inawaka kwenye besimenti, chumba cha chini ya nyumba, na kula mafuta. Kila nilipolipa lori la mafuta wakati wa kiangazi roho iliniuma.

Aliyenijia kwanza alikuwa fundi mmoja, mtu wetu wa nyumbani, na bei yake ilikuwa nzuri mno. Alitaka kuniwekea mtambo wa mirija ya vioo wenye tangi juu ya paa, kama ile unayoiona kwenye mapaa ya Kileleshwa au Syokimau. Mitambo hiyo naijua. Kenya ilitoa kanuni mwaka 2012 zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yawe na mtambo wa jua, na kwa hali ya hewa ya Nairobi unafanya kazi vizuri: maji hupanda yenyewe yakipata moto, hakuna haja ya pampu, tangi liko juu, basi. Lakini Lowell Januari hukaa chini ya sifuri siku kwa siku. Hata kama tangi lina kizuizi kizuri cha joto, ile mipira na mabomba yanayoshuka kutoka paani hadi ndani ya nyumba yamejaa maji matupu. Yakiganda yanapasuka, na yakiyeyuka dari inaoga.

Nilimuuliza maji yakiganda itakuwaje. Akasema hayagandi, jua lipo hata wakati wa baridi. Nikamuuliza cheti cha OG-300 kiko wapi. Akaniambia, "Mama, hiyo ni karatasi ya makampuni makubwa, IRS haiulizi." Hapo nilimshukuru nikafunga mazungumzo. Sheria ya hilo punguzo la thelathini kwa mia, la shirikisho yaani serikali kuu ya Marekani, ilisema wazi kwamba mtambo wa kupasha maji lazima uwe umethibitishwa na SRCC, shirika linalopima mitambo ya joto la jua, au na chombo kingine kinachokubaliwa na serikali ya jimbo. Bila uthibitisho huo, senti haipo. Na ujue vyeti ni viwili: OG-100 hupima paneli peke yake, OG-300 hupima mfumo mzima pamoja na tangi, pampu na vidhibiti. Mimi nilitaka wa OG-300 ili pasibaki swali. Orodha iko kwenye tovuti ya SRCC, unaandika jina la mtengenezaji na namba ya modeli, unaona mwenyewe. Nilikaa nayo mezani usiku nikilinganisha kila bei niliyopewa. Fundi yeyote anayekukataza kuangalia orodha hiyo, mwache.

Mwishoni tulichagua paneli mbili bapa upande wa kusini wa paa, tangi la galoni 80 kwenye besimenti, na glikoli ikizunguka kati yao kwenye mabomba yaliyofungwa. Glikoli ya propilini haigandi kirahisi, inachukua joto juu na kulishusha kwenye maji chini. Boila inabaki kusaidia siku za theluji. Sheria ilitaka angalau nusu ya nishati ya mtambo itokane na jua, nami nikamwomba fundi aandike makadirio yake kwenye karatasi ya bei.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoionea fahari. Massachusetts ina kodi ya mauzo ya asilimia 6.25, lakini vifaa vya jua vinavyopasha joto au kuipa nishati nyumba unayoishi mwenyewe vimesamehewa. Karatasi yake ni Fomu ST-12. Nilikubaliana na fundi wa mabomba, mwenye leseni maana jimbo hili haliruhusu mwenye nyumba ajifanyie kazi ya mabomba, kwamba vifaa nitanunua mwenyewe na yeye atafunga tu. Nikafika kwa muuzaji na fomu yangu imejazwa na kutiwa saini. Kijana wa kaunta akaitazama akasema msamaha huo ni wa makanisa na shule. Nikamwambia hapana, hiyo ni fomu nyingine. Akasema basi ni wa wakandarasi. Nikamwonyesha kisanduku nilichotia alama. Akasema kompyuta haikubali.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na karatasi nyingine kwenye mkoba, yenye maneno ya sheria yenyewe: Sura ya 64H, kifungu cha 6, aya ya (dd). Niliiweka kaunta juu ya fomu nikaomba kuzungumza na meneja, kwa adabu, bila kupandisha sauti. Meneja akaisoma, akaisoma tena, akaenda ndani kumpigia simu mhasibu wao. Nilisubiri pale, watu nyuma yangu wakihudumiwa kwenye kaunta ya pili, na sikuondoka. Aliporudi akasema, "Ma'am, you're right," akatoa nakala ya fomu kwa ajili ya faili lao, kodi ikatolewa. Vifaa vilikuwa vya dola elfu tano na mia kadhaa, kwa hiyo nilibaki na zaidi ya dola mia tatu mfukoni. Ukienda, nenda na fomu kabla ya kulipa.

Ankara nayo inataka jicho. Paa letu lilikuwa na mbao zilizooza pale paneli zilipotakiwa kukaa, na zilibadilishwa kabla ya kazi. Fundi alitaka kuandika kila kitu kwenye mstari mmoja: kazi ya sola, jumla hii hapa. Nikakataa. Mbao na vigae vya kawaida vya paa havikuingia kwenye punguzo la shirikisho, hata kama vilikaa chini ya paneli. Lakini kazi ya kuandaa mahali, kuunganisha mtambo na kuvuta mabomba yake iliingia, na watu wengi walidai punguzo kwa vifaa peke yake wakiacha gharama ya fundi nje. Kwa hiyo alinipa ankara mbili: ya paa mbali, ya mtambo mbali, na hii ya pili ikitaja modeli, kazi na tarehe ya kumaliza. Nilipiga picha vibandiko vya paneli na tangi kabla havijafunikwa, nikapakua na taarifa ya uthibitisho ya mtengenezaji. Zote ziko kwenye bahasha moja.

Tarehe ya kumaliza ilikuwa na uzito kuliko tarehe ya kulipa. Nilikuwa nimetoa arubuni Desemba 2022, na aliyenijazia ritani, ile taarifa ya kodi ya kila mwaka, akataka kuidai mwaka huohuo. Nikamwambia subiri: gharama huhesabiwa kwa mwaka mtambo unapokamilika kufungwa, na wetu ulikamilika vuli ya 2023. Alikagua, akakubali.

Haya, thelathini kwa mia. Mtambo mzima na ufundi ulifika dola elfu kumi na ushei, kwa hiyo punguzo letu lilikuwa dola elfu tatu na kidogo. Punguzo hili lilishusha kodi unayodaiwa, kodi ikifika sifuri linasimama. IRS haikukuongezea juu yake. Kodi yetu ya shirikisho ya mwaka 2023 ilikuwa kama elfu mbili tu. Punguzo likaimaliza yote, na kwa kuwa mwajiri alishakata kodi kwenye mshahara mwaka mzima, kile kilichokatwa ndicho kilichorudi. Ile elfu moja iliyobaki haikupotea: Fomu 5695, ya IRS ya kudai punguzo hilo, ilikuwa na mstari wa kuipeleka mwaka unaofuata, nikaitumia kwenye ritani ya 2024. Yule mama wa mkopo alikuwa na salio kama langu na hakuna aliyemwonyesha mstari huo. Tulirudi kwenye karatasi zake pamoja, tukalikuta.

Kwa hiyo kabla hujasaini mkataba wowote, toa ritani yako ya mwaka jana uangalie ulidaiwa kodi kiasi gani kwa jumla. Usiangalie ulirudishiwa ngapi. Mtu anaweza kurudishiwa pesa nyingi kila Machi na kodi yake halisi ikawa ndogo sana, hasa mwenye watoto wengi.

Kuna hofu nyingine niliyoisikia mara nyingi: kwamba asiye raia akidai punguzo anajiingiza matatani. Fomu 5695 haikuuliza uraia wala kadi ya kijani. Iliuliza nyumba iko wapi, na kama unaishi humo. Ndiyo maana bwana mmoja anayeishi Nashua, jimbo jirani la New Hampshire, na kupangisha nyumba yake ya Lowell hakupata kitu kwa njia hii.

Jimbo nalo lilinipa la kwake: asilimia 15 ya gharama baada ya kutoa punguzo la shirikisho, mwisho wake dola 1,000, kwenye Jedwali EC la ritani ya jimbo. Nilifika ukomo. Lisipoisha linaweza kusogezwa hadi miaka mitatu. Na wakadiriaji wa jiji hawakupandishi kodi ya nyumba kwa sababu ya mtambo wa jua, msamaha ni wa miaka 20.

Tangu hapo boila yetu huzimwa Mei na kuwashwa tena baridi ikirudi, na maji ya kuoga hayajakosekana.

Wanaoniuliza sasa nawaambia mapema kwamba lile la thelathini limefutwa. Sheria ya 2022 ilikuwa imeliweka mpaka 2032, lakini ile iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ililikata kwa gharama za baada ya Desemba 31, 2025. Inanikera kuona bado kuna wauzaji wanaolitangaza. Sheria hiyo haikugusa ya jimbo, wala msamaha wa kodi ya mauzo. Wifi yangu wa Worcester anapiga hesabu zake upya kwa hayo peke yake, na bado anaona inalipa kwa vile mafuta yake ni mengi kuliko yetu. Ameletewa bei mbili. Moja ina kila kitu kwenye mstari mmoja, nimemwambia airudishe ikaandikwe vizuri.