Hoima hadi Kabwoya, kijito kwa kijito

Tuliondoka Hoima, magharibi mwa Uganda, alfajiri kwa boda boda, tukashika barabara ya Buhimba na Kiziranfumbi. Anayetaka kuelewa jinsi msitu wa Bugoma unavyopotea asikimbilie msituni. Asimame kwanza kwenye madaraja. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinataka mita 30 za ukingo wa mto mdogo ziachwe bila kulimwa, na mita 100 kwa mito mikubwa. Pengi niliposimama, mahindi yameshuka hadi majini.

Mikanda ya miti kando ya mito hiyo ndiyo njia ya sokwe mtu kati ya Bugoma na msitu wa Budongo, na humo ndimo mikuyu inamozaa. Sokwe jike akikomaa huhama kundi alimozaliwa ili asizae na ndugu zake. Mkanda ukikatwa, hana pa kupitia ila mashambani, kwenye mafenesi na miwa ya watu, na huko hukutana na mbwa, mikuki na mitego ya chuma. Jike huzaa mara moja tu kwa miaka mitano au sita. Pengo la sokwe mmoja halizib­iki upesi.

Kwa nini miwa isilimwe mbali na msitu? Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, na unafaa kusagwa ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo kila kiwanda cha sukari huvuta mashamba kando yake, na ardhi iliyo karibu ndiyo inayofyekwa.

Bugoma ni hifadhi tangu 1932, hekta zipatazo 41,000. Mwaka 2016 ilitolewa hati ya ardhi ya maili za mraba 22, kesi zikafuata mahakamani, na 2020 miti ikaanza kuangushwa kupisha miwa. Ukataji mdogo mdogo una utaratibu wake: mahogani hutangulia kwa mbao, kisha muhimbi na mingine migumu kwa makaa, mwisho jembe. Dereva wangu, kijana Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Kyangwali, alinionyesha alama ya tanuri la makaa: duara la udongo mweusi. Kwa tanuri la udongo, kilo kumi za kuni hutoa kilo moja au mbili za makaa. Kinachobaki kinaharibika chenyewe: jua linaingia, majani marefu yanaota, na kiangazi yanapeleka moto ndani.

Anayetaka kurudisha miti asipande sena, mti wa kigeni wa maua ya njano, kama mpaka. Huko Budongo imeshavamia msitu, na ukiikata kisiki huchipua. Hung'olewa ikiwa changa, au huchunwa gome lote kutoka kimo cha mita moja hadi shinani.

Wakati wa kurudi tulisimama kwenye kijito kimoja chenye miti pande zote mbili. Kutoka majini hadi kwenye mahindi nilihesabu hatua 40. Chini ya mkuyu zilitapakaa kuyu zilizotafunwa, mbichi bado.