Karakana ya pamoja Lamu: mashine moja, madaftari matatu

Chukua wabunifu watatu wanaoanza biashara Lamu: wa samani, wa taa, na wa mikoba inayoshonwa kwa matanga yaliyochakaa. Wanapanga nyumba, wanagawa kodi kwa tatu, wanachanga kununua msumeno wa meza. Baada ya miezi michache bledi imekuwa butu na hajulikani nani aliyeitumia zaidi. Mshona mikoba analipa theluthi ya kodi ilhali meza yake ni ndogo kuliko zote, na vumbi la mbao limetua juu ya taa zilizopakwa vanishi jana. Kwa mwenye mtaji mdogo sijaona njia bora ya kuanza kuliko karakana ya pamoja. Ila shirikini paa na mashine tu. Mteja, mali ghafi na michoro vibaki vya kila mtu mwenyewe.

Nyumba kwanza. Majumba ya mawe ya Mji wa Kale yana vyumba virefu vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mkoko na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Ubao wa mita 2.4 ukipita kwenye msumeno wa meza unataka nafasi ya urefu wake mbele na nyuma, karibu mita 5 kwa jumla. Basi msumeno uelekee urefu wa chumba, na ukae chini kabisa, kwani ghorofani mtikisiko hupukutisha chokaa ya dari kwa jirani wa chini. Mji huu uko kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo msitoboe ukuta kabla ya kuomba kibali. Feni ya kutolea vumbi iwekwe kwenye dirisha lililopo. Kwa kazi nzito ya chuma afadhali Malindi, ambako lori linafika mlangoni.

Kodi igawanywe kwa eneo, si kwa vichwa. Tuseme kodi, intaneti, usafi na ulinzi ni shilingi 30,000 kwa mwezi, na nyumba ina mita za mraba 60. Mashine, njia na stoo zinakula 24. Zinabaki 36 za meza za watu. Kila mita ni shilingi 833. Wa samani mwenye mita 18 analipa 15,000, wa taa mwenye mita 10 analipa 8,330, wa mikoba mwenye mita 8 analipa 6,670. Pimeni kwa futikamba na kupiga mistari ya rangi sakafuni, maana mbao zina tabia ya kuhamia kwa jirani usiku.

Mashine nayo iwe na bei ya saa. Msumeno wa shilingi 90,000 utakaofanya kazi saa 2,000 unakula 45 kwa saa. Bledi ya 4,800 inayodumu saa 120 pamoja na kunolewa ni 40. Mota ya kilowati 1.5, tukichukua shilingi 30 kwa uniti, ni 45. Jumla 130, tozeni 150, ile 20 iende kwenye mfuko wa matengenezo. Daftari lifungwe kwa kamba kwenye mguu wa mashine: jina, saa ya kuwasha, saa ya kuzima. Anayesahau kuandika alipe saa nzima.

Mota nyingi huungua kwa sababu ya waya. Inapoanza kuzunguka, mota huvuta umeme mara 5 hadi 7 ya kawaida yake. Ekstensheni nyembamba hushusha volti, mota ikashindwa kuinuka na kupata moto. Tumieni waya wa milimita za mraba 2.5, mfupi iwezekanavyo. Tena hakikisheni swichi ni ile isiyojiwasha yenyewe umeme unaporudi. Umeme ukikatika mkono uko karibu na bledi, ukarudi ghafla, ni vidole vinavyokwenda.

Vumbi ni ugomvi wa mwaka mzima, kwa kuwa upepo hugeuka. Chumba cha msasa kilichowekwa mwisho wa upepo wakati wa kusi kinakuwa mwanzo wa upepo kaskazi inapoingia. Dawa yake ni ratiba: msasa na kukata Jumamosi hadi Jumatatu, Jumanne kufagia na kumwaga maji sakafuni, vanishi Jumatano na Alhamisi. Adhana ikilia mashine zizimwe, na Ijumaa kuanzia saa sita mchana zisiwashwe kabisa; karakana iliyokosana na mtaa haina maisha. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yasirundikwe hata usiku mmoja. Hujipasha moto yenyewe na kuwaka, na paa la jirani ni makuti. Yatandazwe nje yakauke, au yatiwe kwenye debe la maji lenye kifuniko.

Sasa mbao, ambako wageni wa pwani hupoteza pesa. Kwa hewa ya Lamu mbao hutulia kwenye unyevu wa asilimia 15 hivi. Meza ikipelekwa Nairobi, au ikawekwa chumba chenye kiyoyozi, inashuka kuelekea 10. Kila asilimia 4 inayoshuka hupunguza takriban asilimia 1 ya upana, yaani upande unaokingama na nyuzi za mbao. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Uso wa sentimita 40 utasinyaa milimita 4 au 5, na ukiwa umegundishwa kwenye fremu ya kukingama, utapasuka mbele ya mteja. Skrubu za kushikia uso zipite kwenye matundu marefu ya milimita 10 ili ubao uweze kutembea. Kipima unyevu kimoja kinawatosha wote watatu.

Skrubu zilizopakwa zinki hutoa kutu upesi kwa hewa ya chumvi. Tumieni chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, kwani hata 304 huota madoa ya kahawia. Kwenye mbambakofi, mbao ngumu sana, skrubu ya shaba hukatika shingo. Toboa kwanza, ingiza skrubu ya chuma ya ukubwa huohuo, itoe, kisha paka ya shaba sabuni na uifunge kwa mkono.

Bei ya bidhaa ndipo wengi wanapoumia. Kigoda: mbao 900, skrubu na gundi 150, msasa na mafuta 200, kazi saa 4 kwa 250 ni 1,000, mashine saa moja 150, na kodi 15,000 ikigawanywa kwa vigoda 30 ni 500. Jumla 2,900. Ukikiuza 5,000 kwa mali kauli, yaani duka hulipa likishauza, na duka likachukua asilimia 40, unapata 3,000. Vigoda 30 kwa mwezi ni 1,080,000 kwa mwaka, umeshavuka milioni moja, kwa hiyo kuna kodi ya mauzo ya asilimia 3, shilingi 90. Zimebaki 10. Kigoda hicho bei yake ianzie 6,500, na oda ya pekee isianze bila rubuni, malipo ya awali, ya nusu ya bei.

Kila mmoja asajili jina lake la biashara kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, awe na PIN yake ya kodi na namba yake ya M-Pesa. Mkisajili ubia, deni la mmoja litabisha hodi kwa wote. Mkataba wa karakana uwe wa ukurasa mmoja: notisi ya miezi 2, mashine inathaminiwaje mtu akiondoka, na kila mchoro una jina na tarehe. Umbo jipya lisajiliwe KIPI, taasisi ya Kenya ya kusajili hataza na maumbo ya bidhaa, kabla ya picha kutoka nje. Usajili ni wa miaka 5, huhuishwa mara mbili hadi 15.

Mwisho ni sanduku. Mzigo wa kwenda bara unapita kichochoroni, juu ya punda au mkokoteni, kisha kwenye boti hadi Mokowe, ndipo ukaone gari. Buni kitu kinachofunguka miguu, kwa bolti 8 na ufunguo mmoja, kiingie kwenye boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40 lisilozidi kilo 25. Funga kwa plastiki dhidi ya marasharasha ya bahari, lakini acha upande wa chini wazi: jasho la mbao lililofungiwa ndani huota ukungu kabla boksi halijafika.